Usiache Dawa, Usisahau Mfupa

Maneno haya niliyasema Ifakara, mbele ya watu wanaoishi na kifafa pamoja na familia zao. Wengi waliotaka kuja walikwamishwa na mvua, wengine na nauli, wakaniomba niyaandike. Nayaweka hapa kama yalivyosemwa.

Shikamooni wazee wangu. Kinamama, kinababa, vijana, habari za asubuhi. Na ninyi watoto mliokaa hapa mbele kwenye mkeka, hamjambo?

Ndugu zangu, nina mambo mawili ya kuwaambia, na siwezi kulitoa moja bila la pili. La kwanza ni hili: baadhi ya dawa za kifafa, mtu akizitumia kwa miaka mingi, hudhoofisha mifupa. Nimelisema na mmelisikia. La pili ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa: asitoke mtu humu ndani akaenda nyumbani kuacha dawa. Hata mmoja. Anayemeza jioni, leo jioni ameze. Anayemeza asubuhi, kesho asubuhi ameze. Tumeelewana? Narudia kwa ajili ya waliokaa nyuma: usiache dawa.

Wapo wenzangu katika kazi hii ya uuguzi, watu wema kabisa, wanaoona habari ya mifupa isisemwe mbele ya watu. Wanasema ukiwaambia wagonjwa dawa ina madhara, watatupa vidonge chooni. Naielewa hofu yao. Lakini mtu aliyemeza kidonge kila siku tangu yuko darasa la tatu, leo ana watoto, ana haki ya kujua kidonge hicho kinafanya nini mwilini mwake, upande wa heri na upande wa gharama. Tena habari hii hata tukiificha kliniki, haifichiki. Mtu ataisikia kijiweni, nusu nusu, kutoka kwa mtu asiyejua la kufanya baada ya hapo.

Ndivyo ilivyomkuta kijana mmoja mvuvi. Alikuwa na zaidi ya mwaka hajaanguka, anameza fenobabitoni yake kila usiku, amerudi kazini, ameanza kuzungumza habari za kuoa. Jioni moja mtu akamwambia, "Hizo dawa zinakula mifupa, mwishowe utatembelea magongo." Hakumuuliza nesi. Hakumuuliza mama yake. Aliacha siku hiyo hiyo. Wiki haikwisha, kifafa kikamshika mfululizo, cha kwanza hakijaachia cha pili kimeingia, na kilimshika akiwa karibu na moto anakausha samaki. Mkono wa kulia uliungua mpaka kwenye kiwiko. Yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini mkono ule haushiki tena wavu.

Mnaona? Yule aliyemwambia hakusema uongo wote. Alisema robo ya ukweli, na robo ile ilimchoma mtu mkono. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa unalipuka. Ndiyo maana daktari akitaka kuipunguza huipunguza kidogo kidogo, kwa miezi. Hakuna siku, hakuna sababu, hakuna habari ya mifupa inayomruhusu mtu kuikata mwenyewe.

Na dawa hizi zinafanya kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na kwamba mpaka 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kabisa kama wangegunduliwa mapema na kupata dawa inayowafaa. Sabini katika mia. Lishikeni hilo wakati ninaendelea.

Sasa twende kwenye mfupa.

Mwaka 1912, kule Freiburg, Ujerumani, daktari kijana aitwaye Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake wa kifafa fenobabitoni. Wakati ule ilikuwa dawa mpya ya usingizi, na alichotaka ni walale. Akaona jambo ambalo hakulitarajia: wagonjwa wakawa wanaanguka mara chache zaidi. Kidonge hicho hicho, chenye zaidi ya miaka 110, ndicho wengi wenu mmekuja nacho leo kwenye mikoba. Na hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alipofika Mahenge, huko juu Ulanga, alikuta watu wenye kifafa wametengwa, wanaogopwa kwamba watawaambukiza wengine, miili ina makovu ya moto. Alianzisha kliniki, akaanza kuwapa kidonge hicho. Wazee mliotoka Mahenge mnaijua habari hiyo kuliko mimi.

Niwaulize: ilichukua muda gani mpaka madaktari wakaona kwamba dawa inagusa mifupa? Zaidi ya miaka 50! Taarifa za mwanzo zilitoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1970 madaktari wa London wakaandika kuhusu wagonjwa waliotumia dawa muda mrefu na mifupa yao ikalainika. Kwa nini walichelewa hivyo? Kwa sababu kifafa kinaonekana na mtaa mzima, mfupa hauonekani. Unapungua mwaka hadi mwaka na mwenyewe analima, anacheka, anakula vizuri. Siku ya kujua ni siku ya kuvunjika.

Nieleze inavyotokea, maana ukiielewa utajua na dawa yake. Ini ndilo linalovunja dawa tunazomeza ili zitoke mwilini. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, ile ambayo wengi mnaiita Tegretol, zinaliamsha ini lifanye kazi hiyo kwa kasi zaidi. Na ini likishaamka halichagui. Linavunja dawa, linavunja na vitamini D. Vitamini D ndiyo inayoiwezesha kalsiamu ya chakula kuvuka kutoka utumboni kuingia kwenye damu. Ikipungua, utakula kalsiamu na sehemu kubwa itapita itoke. Lakini damu haivumilii kukosa kalsiamu. Moyo unaihitaji ili upige, misuli inaihitaji, mishipa ya fahamu inaihitaji. Hapa shingoni, nyuma ya tezi ya koo, kuna tezi nne ndogo kabisa. Zikiona kalsiamu imeshuka kwenye damu, zinatoa amri itolewe kwenye mfupa. Mfupa ndiyo ghala la mwili, ndugu zangu. Ghala linalotolewa mpunga kila siku na halipokei gunia hata moja, mtu akipita nje anaona kuta ziko palepale.

Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, haiamshi ini kwa namna hiyo, ila nayo imehusishwa na kupungua kwa mfupa, kwa hiyo anayeitumia asikae akidhani mazungumzo haya hayamhusu. Dawa mpya zaidi kama levetirasetamu na lamotrijini zinaonekana kuwa na unafuu kwa mifupa, lakini bei yake na upatikanaji wake mnavijua. Siwaambii mkazidai kesho. Nawaambia ya kufanya na dawa mliyonayo.

Ukijumlisha tafiti, mtu mwenye kifafa huvunjika mfupa karibu mara mbili ya mtu asiye na kifafa. Kuanguka kwenyewe kunachangia. Mfupa uliokonda unachangia. Vikikutana vyote viwili, kianguko kidogo cha kawaida kinavunja nyonga.

Alikuwepo mzee mmoja fundi cherehani, fundi mzuri sana wa sare za shule. Alianza kuumwa nyonga na mgongo. Baadaye akawa hawezi kunyanyuka kwenye kigoda mpaka ajisukume kwa mikono, na akitembea anayumba kulia na kushoto. Waliomwona wa kwanza wakamwambia ni uzee. Wa pili wakasema baridi yabisi. Wa tatu, mnawajua wa tatu, wakasema ametupiwa kitu na fundi mwenzake, na pesa ikatoka. Amemeza diklofenaki ya kutuliza maumivu mpaka tumbo likaanza kumsumbua. Miaka inakwenda. Hakuna aliyemuuliza, "Baba, dawa ya kifafa unameza tangu lini?" Mpaka alipokutana na daktari kijana aliyekuwa mafunzoni, akamuuliza. Mzee akajibu, "Tangu kabla sijaoa." Fenitoini, kila siku, na huku ameketi ndani ya kibanda cha kushonea tangu alfajiri mpaka giza. Wakampima kwenye damu kalsiamu na alkali fosfatasi, kimeng'enya kinachoonyesha hali ya mfupa, vipimo ambavyo hospitali nyingi zinaviweza. Majibu yakaonyesha mfupa umelainika. Akapewa vitamini D na kalsiamu kwa dozi ya matibabu, chini ya uangalizi. Fenitoini yake haikuguswa. Ilichukua miezi, lakini mzee yule siku hizi anasimama kutoka kwenye kigoda akiwa ameshika nguo kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu ni dogo. Ukienda hospitali kwa maumivu ya mgongo, ya nyonga, ya mapaja, misuli kuishiwa nguvu wakati wa kupanda ngazi, au umevunjika kwa kianguko ambacho mtu mwingine angejifuta vumbi tu, sema mwenyewe bila kungoja kuulizwa: "Nameza dawa ya kifafa, inaitwa hivi, nilianza mwaka fulani." Na kama unatibiwa kifua kikuu, sema na hilo, maana rifampisini nayo inaliamsha ini vilevile, na dawa mbili za namna hiyo kwa pamoja zinaimaliza vitamini D haraka zaidi.

Sasa nizungumze na wenye watoto. Nisikilizeni kwa makini hapa, kwa sababu hapa ndipo roho yangu ilipo.

Karibu asilimia 90 ya mfupa wote ambao mtu atakuwa nao maishani hujengwa kabla hajafika miaka 20. Mtoto anayeanza dawa akiwa na miaka mitano, anajenga nyumba huku dawa inachukua saruji... hapana, nilishasema ghala, tubaki na ghala letu: ghala la mtoto halijajaa bado. Na mtoto wa kifafa katika vijiji vyetu anafanywaje? Anafichwa. Semeni kweli. Anafungiwa ndani asije akaanguka mbele za watu. Haendi shule, hachezi mpira, hatumwi kisimani. Halioni jua. Kwa hiyo mtoto huyu dawa inampunguzia vitamini D, kuta zinamnyima vitamini D, na kukaa bila kukanyaga ardhi kunamnyima mfupa ile shughuli inayouimarisha, maana mfupa hukua na nguvu kwa kubebeshwa uzito: kutembea, kuruka, kukimbia, kulima. Mambo matatu, mtoto mmoja.

Mama mmoja alikuwa na binti wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo na kifafa. Hakuwa anatembea. Alikuwa anameza fenobabitoni tangu yuko mchanga, na mama alikuwa anamtunza kwa namna ambayo mimi sijui kama ningeweza. Asubuhi moja anamvalisha, amenyanyua mguu apitishe nguo, akasikia kitu kimekatika. Paja. Hakumwangusha, hakumvuta. Alipomfikisha hospitali, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Umempiga?" Akaulizwa tena na mtu mwingine. Akaitiwa ustawi wa jamii. Mtoto amefungwa hogo, analia, na mama amekaa kwenye benchi anaeleza kwa mara ya tatu kwamba hajampiga mwanawe.

Waliouliza walikuwa na wajibu wa kuuliza, kwa sababu watoto wanapigwa kweli. Lakini swali lile lilipaswa kuwa na ndugu yake: mtoto anatumia dawa gani, na analiona jua? Eksirei ya paja lile ilionyesha mfupa mwembamba, uliofifia. Mtoto asiyetembea, anayemeza dawa inayoamsha ini, anayeshinda ndani, paja lake linaweza kuvunjika kwenye mikono laini kuliko yote duniani. Kinamama mlio na watoto wa namna hii, mkinyanyua mguu shikeni juu na chini ya goti, msiuvute kwa kisigino. Na daini, narudia, daini kwamba mtoto wako aandikiwe vitamini D. Mwaka 2009 mamlaka ya kusimamia dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wafikirie kuwapa vitamini D watu wanaotumia dawa hizi muda mrefu na ambao hawatembei, au hawapati jua la kutosha, au hawapati kalsiamu ya kutosha. Niwaulize: watu hao hapa ukumbini hawapo?

Kuhusu jua, watu huniambia, "Nesi, vitamini D ni shida ya Wazungu, sisi jua tunalo." Jua tunalo, kweli. Watafiti waliwahi kupima damu ya Wamasai na Wahadzabe 60 wanaoishi maisha yao ya asili, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo: wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati kiwango kinachohesabiwa na wengi kuwa kinatosha ni 50. Zaidi ya mara mbili. Hao ni watu wanaoshinda nje. Lakini jua la Tanzania halipenyi bati. Halipenyi kioo cha dirisha pia, ile sehemu yake inayotengeneza vitamini D. Halimfikii mtoto aliye chumbani. Na ngozi yetu nyeusi, ambayo Mungu ametupa kwa sababu nzuri, inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe kutengeneza kiasi kile kile.

Mtoeni mtoto nje. Wakati ambapo kivuli chako ni kifupi kuliko wewe mwenyewe, ndipo jua linafanya kazi hiyo. Mikono, miguu na uso vipate jua mara kadhaa kwa wiki, bila kumwacha aungue wala akaukiwe maji. Dada zangu mnaojisitiri, uani kwenu kuna jua lile lile. Na wenye ualbino nawaomba radhi, haya ya jua hayawahusu ninyi kabisa: ninyi jikingeni kama mlivyofundishwa, vitamini D yenu itoke kwenye kidonge.

Chakula nitakipitia haraka kwa sababu mengi mnayajua. Mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 hivi kwa siku, kijana anayekua 1,300. Glasi ya maziwa ya robo lita ina kama 300. Wasio na uwezo wa maziwa kila siku, mna dagaa. Dagaa mzima, na mifupa yake, ndiyo kalsiamu ya maskini na tajiri; msimkate kichwa mkabaki na nyama tu. Sukuma wiki inatoa kalsiamu vizuri kuliko mchicha, kwa sababu mchicha una kitu ndani yake kinachoishika kalsiamu isiingie mwilini. Kuleni mchicha kwa faida zake nyingine, lakini msiutegemee kwa mifupa. Pombe acheni. Inamwangusha mwenye kifafa na inaudhoofisha mfupa, na sina la kuongeza hapo.

Lakini nisiwadanganye: kwa anayemeza fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini kwa miaka, mara nyingi chakula na jua peke yake havitoshi. Hapo ndipo kidonge cha vitamini D kinapoingia. Mtu mzima asiye na kifafa anahitaji yuniti 600 kwa siku. Anayetumia dawa zinazoamsha ini mara nyingi huhitaji zaidi, na daktari huweza kumpangia 1,000 au 2,000. Kipimo cha vitamini D chenyewe ni ghali na hakipo kila hospitali, mashine ya kupima uzito wa mfupa ndiyo adimu zaidi. Kutokuwepo kwa kipimo kusiwe sababu ya kukunyima dozi ya kawaida ya kukinga. Muulize daktari au mfamasia wako waziwazi. Ukinunua multivitamini duka la dawa, geuza kopo, soma: nyingi zina vitamini D kidogo sana.

Je, nikimeza nyingi zaidi nitapona haraka zaidi? Hapana. Vitamini D haitoki kwenye mkojo kama vitamini C, inahifadhiwa kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi inapandisha kalsiamu kwenye damu: kiu isiyokwisha, kichefuchefu, choo kigumu, mawe kwenye figo, mpaka kuchanganyikiwa. Usipite yuniti 4,000 kwa siku bila daktari kukuandikia. Na vidonge vya kalsiamu, pamoja na vile vya kiungulia, visimezwe wakati mmoja na fenitoini, maana vinaizuia isiingie mwilini vizuri. Viachanisheni angalau masaa mawili.

Kuna jambo linaloniuma. Kuna watu wanazunguka kwenye mikutano na kwenye simu zenu wanauza makopo ya virutubisho kwa bei ya gunia la mpunga, wakisema yanatibu kifafa, uache sumu za hospitali. Wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na hitilafu ambayo vitamini B6 ndiyo inayozuia degedege lao, na hao hugunduliwa na madaktari. Kwa sisi wengine wote, hakuna vitamini inayotibu kifafa. Hakuna! Vitamini D inalinda mfupa. Mlinzi wa mfupa hawezi kufanya kazi ya fenobabitoni. Anayekuuzia kopo na kukuambia uache dawa anakupeleka kwenye moto ule uliomchoma mvuvi.

Nimalizie kwa kinadada na wanandoa. Dawa hizi hizi, na valproeti ikiwemo, zinaweza kupunguza au kuvuruga asidi ya foliki, vitamini inayohitajika mtoto anapoanza kuumbika. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Siku 28! Wengi wenu wakati huo hamjajua hata kama mna mimba. Usipofunga, ndiyo mgongo wazi. Kwa hiyo mwanamke mwenye kifafa aliye katika umri wa kuzaa anashauriwa asidi ya foliki miligramu 5 kila siku, kabla ya mimba, siyo baada. Kidonge cha FEFO, cha madini ya chuma na foliki, mnachopewa kliniki ya wajawazito ni kizuri, lakini foliki iliyomo haifiki hata miligramu 1. Ile ya miligramu 5 ndiyo wanayopewa watoto wenye selimundu, na haina bei kubwa.

Lakini angalieni mambo mawili. Foliki nyingi inaweza kushusha kiwango cha fenitoini, kwa hiyo anayekuandikia ajue unatumia nini. Na foliki ya miligramu 5 inaharibu kazi ya SP, vile vidonge vya kukinga malaria kwa wajawazito. Ukifika kliniki ya wajawazito, usiseme tu "nina kifafa" ukakaa. Taja na foliki unayomeza, ili wapange. Siku ya kujifungua wakumbushe sindano ya vitamini K kwa mtoto, kwa kuwa dawa zinazoamsha ini zinaweza kumfanya mtoto mchanga atokwe damu ndani. Na anayetumia valproeti na anatarajia kuzaa, aje tuzungumze mapema: dawa hiyo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa mtoto tumboni, na daktari anaweza kumbadilishia taratibu. Taratibu, na daktari. Siyo leo, siyo peke yake.

Bibi mmoja ameinua mkono anauliza kama yeye, aliyekoma hedhi siku nyingi, bado anahusika. Bibi, wewe ndiye wa kwanza. Hedhi ikikoma mfupa unapungua wenyewe hata bila dawa. Ukichanganya na fenobabitoni ya miaka yote hiyo, tunataka tukuone.

Wauguzi wenzangu wako pale mlangoni wana madaftari mawili. Moja ni la wanaotumia dawa kwa zaidi ya miaka miwili, tutaandika jina la dawa, mwaka ulioanza na kama umewahi kuvunjika. La pili ni la watoto wasiotembea. Kinamama wenye watoto wasiotembea mtangulie, msipange foleni na wengine, na mje na vidonge vyenu mkononi tuvione.